Bonge na Gari Lililojaa Watu

Siku Fundi Kimya alipomwona Bonge kwa mara ya kwanza, hakuanza kumwona yeye. Aliiona pikapu. Ndivyo ilivyo kwa fundi wa matairi, macho yake hutangulia chini. Pikapu ilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda kilichokuwa kimefungwa tangu mshona viatu alipohama, nayo ilikuwa imelala kwa nyuma kama kuku anayeatamia. Tairi la nyuma lilikuwa limezama ndani ya madigadi hata ukingo wake wa juu hauonekani. Kimya akajiambia kwamba lazima humo ndani pana injini ya lori.

Kumbe hapakuwa na injini yoyote. Palikuwa na matairi makuukuu machache, jeki, kompresa ndogo ya kujazia upepo, na mtu mmoja mnene aliyekaa juu ya matairi hayo kama mgeni rasmi. Aliposhuka, pikapu ilipumua. Ilipanda juu, tairi likachomoza, na dereva akageuka nyuma haraka kuona kama mzigo wake umeibwa.

Mtaa mzima ulicheka. Yule mnene akacheka kuwashinda wote, akasema pikapu hiyo ilikuwa ikimnung'unikia tangu asubuhi. Jua halijawa kali alikuwa ameshapewa jina la Bonge, na alikuwa ameshaliitikia.

Kimya hakucheka. Yeye alikuwa ameiona kompresa. Mtu haji mtaani na kompresa ili auze vitunguu.

Mpaka siku ile, barabara nzima ilikuwa na fundi mmoja tu wa matairi, naye alikuwa Kimya. Kibanda chake alikirithi kwa baba yake mdogo, pamoja na beseni la maji la kutafutia pancha na kiti kilichokuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa bomba. Ukutani alikuwa amechora tairi kwa mkono wake mwenyewe. Watoto walisema linafanana na jicho la ng'ombe, lakini kila mtu alijua lina maana gani. Jina la Kimya hakupewa kwa utani. Mteja akimsalimu, aliitikia huku akiiangalia valvu ya tairi. Akiulizwa bei, aliitaja kana kwamba anaungama. Ila kazi yake ilikuwa safi, na pancha aliyoiziba haikurudi.

Bonge alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Hata kuziba pancha kwake kulikuwa na mazungumzo. Alimuuliza mwenye baiskeli kama msumari ule alikuwa ameuweka mwenyewe ili apate sababu ya kuja kumsalimia. Alimwambia dereva wa teksi kwamba tairi lake lina upara kumshinda kinyozi. Kinyozi, ambaye duka lake lilikuwa mlango wa pili, alisikia akatoka na mkasi wake kudai heshima, na hapo wakawa marafiki.

Jambo la kwanza lililomchoma Kimya lilikuwa chai. Tangu zamani mama muuza chai alikuwa akipita asubuhi na birika lake, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha Kimya. Hapakuwa na makubaliano, ilikuwa hivyo tu. Bonge hajamaliza hata mwezi, mama huyo akawa anaanzia ng'ambo. Anasimama pale, anacheka, anaweka birika chini ili acheke vizuri, na anapovuka barabara chai imeshaanza kupoa. Kimya aliinywa hivyo hivyo. Akienda nyumbani alimwambia mkewe kwamba siku hizi chai ya mama yule haina moto, na hakueleza zaidi.

Jambo la pili lilikuwa magari yaliyoshushwa. Vijana wa mjini walikuwa wameingiwa na mtindo wa kuyateremsha magari yao mpaka yanakaribia kulamba lami. Wengine walinunua springi fupi, wengine walizikata zile zile za zamani kwa msumeno. Gari likishashuka hivyo, tairi lake la asili linakuwa kubwa, linagusa madigadi. Kile kibandiko cha mlangoni kinachotaja saizi ya tairi nacho kinakuwa hakisemi kweli tena, maana kinazungumzia gari ambalo halipo. Inabidi fundi achague saizi nyingine. Akichagua tairi fupi mno, gari linabaki kama limepiga magoti na mshale wa mwendo unamdanganya dereva. Akichagua refu au pana mno, linasaga.

Kimya alikuwa akiliangalia gari, anasoma kibandiko, anapunguza kidogo kwa akili yake, na mara nyingi anapatia. Bonge alikuwa na utaratibu wake. Gari la namna hiyo likifika tu, anasimama katikati ya njia na kupaza sauti:

"Jamani, gari limekuja!"

Basi watu wanaacha kazi. Kinyozi anakuja na mkasi mfukoni, mteja wake anabaki kitini na kichwa nusu. Fundi cherehani anakuja na futi ya kitambaa shingoni. Mama wa chai anakuja. Mwenye duka anafunga mlango kwa kitasa tu. Bonge anawapanga ndani ya gari, huyu mbele, wale nyuma, nao wanacheka na kusukumana kama watu wanaokwenda harusini. Kisha anapiga magoti, kwa tabu na miguno, anapitisha vidole kati ya tairi na ukingo wa madigadi. Anaamuru usukani uzungushwe mpaka mwisho upande huu, mpaka mwisho upande ule. Anapitisha vidole tena. Ndipo anaitaja saizi.

Kwa Kimya hiyo ilikuwa ngoma ya kuvutia wateja, basi. Alimwambia mkewe kwamba mtu anayejua kazi hahitaji kujaza gari watu. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akasema labda anapenda watu tu.

Maneno hayo yalimkaa Kimya kooni kwa sababu yaligusa penyewe. Mtaa mzima ulikuwa umeshakaa kwenye magari ya Bonge. Hata mzee muuza magazeti aliyekuwa hasikii vizuri alishakaa. Kinyozi akirudi alijisifu kwamba leo amekaa mbele, kama mtu aliyepandishwa cheo. Kimya peke yake hakuwahi kuitwa. Sauti ile ya "jamani" ilivuka barabara ikafika mpaka kwenye beseni lake la maji, lakini haikuwa yake, na yeye si mtu wa kwenda mahali asipoitwa. Akageuza kiti chake, akawa anafanya kazi akiwa ameipa barabara mgongo. Hata hivyo alikizoea kicheko cha Bonge mpaka akaweza kukipambanua: kile cha mteja mpya, kile cha kumtania kinyozi, na kile cha gari lililojaa watu, ambacho kilikuwa kibaya kuliko vyote.

Wateja wa magari yaliyoshushwa walivuka mmoja mmoja. Akabaki mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa mkewe.

Kijana huyo alikuwa amekulia nyumbani kwa Kimya. Kimya ndiye aliyemfundisha kuendesha, na tangu kijana apate gari lake hakuna mkono mwingine uliogusa magurudumu yake. Sasa gari hilo nalo lilikuwa limeshushwa, tena limeshushwa hasa, na limevishwa rimu pana zilizotokeza nje kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Jioni moja wakiwa mezani, shemeji akasema matairi yamekwisha kwa upande wa ndani, anataka mapya, maana Jumapili ataenda kumchukua mama kijijini. Kisha akaongeza kwamba rafiki zake wanamwambia aende kwa Bonge.

Kisha mkewe Kimya, bila ubaya wowote, akiwa anampakulia mtoto, akasema, "Kweli, yule magari ya chini anayajua."

Kimya alitafuna kilichokuwa mdomoni muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Wateja wa nje wakivuka barabara, hiyo ni biashara. Lakini shemeji akivuka, itakuwa nyumba yake mwenyewe imevuka. Kesho yake mtaa utaona, kinyozi atasema, na mama mkwe atakuja kukaa juu ya matairi yaliyochaguliwa na Bonge. Akasema, kwa sauti iliyowashangaza wote pamoja na yeye mwenyewe, "Lete gari kesho. Nitakuchagulia mimi."

Siku ile ile, kabla ya jioni, kulikuwa na gari kama la shemeji ng'ambo ya barabara. Aina ile ile, umbo lile lile, tofauti ilikuwa rangi tu. Bonge alikuwa ameshalifunga matairi mapya, na sasa alikuwa akilijaribu, watu wamejaa ndani, yeye mwenyewe amekaa kwenye usukani na gari limemlalia upande wake. Kimya alikuwa amelitazama kwa jicho la pembeni kwa muda mrefu. Kisha akavuka kama mtu anayekwenda dukani kununua kiberiti. Alipofika usawa wa gurudumu la nyuma aliinama kufunga kamba za viatu. Walikuwa wakicheka humo ndani, hakuna aliyemwangalia. Akasoma namba ubavuni mwa tairi: 195/55, rimu ya kumi na tano. Akasimama, akarudi kwake. Alipofika kitini ndipo alipotazama miguu yake na kukumbuka kwamba alikuwa amevaa ndala.

Kiberiti hakununua. Lakini namba alikuwa nayo, na ndiyo iliyompa sauti ile mezani.

Asubuhi alimfungia shemeji 195/55. Lo, gari lilipendeza! Matairi yalijaa vizuri kwenye rimu, pengo la juu likabaki jembamba, si la kuchekesha wala la kutisha. Shemeji alilizunguka, akalipiga picha, akalizunguka tena. Akasema, "Shem, sijui kwa nini nilikuwa nawasikiliza wale." Siku hiyo Kimya alikigeuza kiti chake, akaitazama barabara mpaka jioni. Kinyozi alipopita alimsalimu yeye kwanza.

Jumapili wakaenda. Shemeji kwenye usukani, Kimya pembeni yake, mkewe na dada mkubwa wa mkewe nyuma. Kwenda, waliposhuka mabonde mara mbili tatu, Kimya alisikia kitu kama panya anayekwaruza, akajisemea ni barabara. Walipomchukua mama mkwe, mwanamke mwenye mwili wake na mizigo yake, gari lilikaa. Kufika kwenye tuta la kwanza, nyuma pakatoka sauti ya kusaga iliyomwingia Kimya kwenye meno. Harufu ya mpira ulioungua ikafuata.

"Mwanangu," mama mkwe alimuuliza shemeji, "hili gari linaumwa?"

Walisimama. Wote wakashuka, na gari likapanda. Kimya aliona kwa macho yake pengo likifunguka kati ya tairi na madigadi, sawasawa na pikapu ile siku ile. Shemeji akalivusha tuta likiwa tupu, likapita kimya. Wakaingia, wakaenda mpaka tuta la pili, likasaga. Basi ikawa hivyo njia nzima: kila tuta wanashuka, mama mkwe anavuka kwa miguu ameshikwa mkono na binti zake, gari linavuka peke yake kama bwana harusi, wanapanda tena. Watu wa kando ya barabara walikuwa wakiwapungia mikono.

Kimya alitembea nyuma yao amebeba kikapu cha mkwe wake. Sasa alikuwa ameelewa. Watu wale wa Bonge hawakuwa ngoma, walikuwa kipimo. Gari lililoshushwa halipimwi likiwa tupu, kwa sababu halinunuliwi likae tupu. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, hata mtoto angeliona, na yeye alikuwa ameonyeshwa siku ya kwanza kabisa. Ungedhani kuelewa kungempunguzia wivu. Kulimwongezea. Zamani alimwonea Bonge wivu wa mdomo wake na marafiki zake, akajifariji kwamba kazi angalau anaijua yeye. Sasa hata hilo Bonge alikuwa amelichukua, tena huku akicheka.

Karibu na nyumbani, mama mkwe alimgeukia kwa upole. "Mkwe wangu, matairi yako ni mazuri," alisema. "Ila hayapendi watu."

Shemeji hakumlaumu. Jumatatu aliacha funguo mezani, akaenda kazini kwa miguu. Kimya alizitazama funguo zile huku anavaa shati. Alijua kwamba asipolipeleka yeye, jioni kijana atalipeleka mwenyewe, kwa adabu, bila kusema. Akalichukua. Akaliendesha mpaka mbele ya kibanda chake, akasimama, hakuzima injini. Kisha akakata kona, akavuka barabara. Upana wake si hatua nyingi, lakini alisikia majembe yote ya macho ya mtaa yakimchimba mgongoni.

Bonge alitoka akijifuta mikono. Kimya alishuka, akasema akiwa anaiangalia valvu kwamba ni gari la shemeji yake, linasaga nyuma. Alingoja kicheko. Alikuwa amekiandalia moyo tangu asubuhi. Hakikuja. Bonge aliinama, akachungulia tairi lililochubuka, akasema "aa", basi. Kisha akasimama njiani na kuita kama kawaida, na watu wakaja kama kawaida, kinyozi, fundi cherehani, mama wa chai. Wakaingia. Bonge akamtazama Kimya, akafungua mdomo, akaufunga. Akajisukuma yeye mwenyewe kitini, gari likalia, na akasema kupitia dirishani, "Fundi, pima wewe. Magoti yangu leo hayataki."

Kimya alipiga magoti kwenye mavumbi ya watu wengine. Kidole hakikupita. Alizungushiwa usukani, akapima mbele, akapima tena nyuma. Kutoka juu Bonge alikuwa akizungumza polepole, kama mtu anayejisemea: gari hili springi zimekatwa, hazikubadilishwa, kwa hiyo likibeba linashuka zaidi ya mengine. Na hizi rimu zimetokeza nje, kwa hiyo tairi pana linakutana na ukingo. Kuna gari la juzi juzi linalofanana nalo kabisa, ila lile lina springi zake fupi za dukani na rimu zake za ndani. Namba ya lile haiwezi kuwa ya hili.

Masikio ya Kimya yalipata moto. Aliendelea kuangalia tairi. Aliuliza, ili aseme kitu, kama 185/55 itafaa. Bonge akajibu kwamba hata yeye angechukua hiyo, nyembamba kidogo na fupi kidogo, mradi waangalie namba ya uzito ubavuni, isije ikawa tairi la kubebea mkate. Na dereva aambiwe kwamba mshale wake utazidisha mwendo kidogo.

Matairi yalipoletwa Kimya aliyafunga kwa mikono yake, pale pale, na Bonge akashikilia jeki. Watu waliingia tena. Vidole viwili vilipita. Shemeji akalichukua gari jioni, akampakia mama yake na dada zake, wakavuka matuta yote wamekaa. Mkewe Kimya alisema hivyo ndivyo walivyopaswa kuanza. Mtaani habari ikawa kwamba Bonge amelitengeneza gari la nyumbani kwa Kimya, na hakuna aliyetaja ni nani alipiga magoti.

Tangu hapo Kimya naye akaanza kupima magari yakiwa na mzigo. Kuita watu hakuweza. Alijaza mchanga kwenye magunia, akayaficha nyuma ya kibanda, na gari likija aliyabeba moja moja akayapanga vitini kama abiria. Yalifaa. Wateja kadhaa walirudi. Lakini ng'ambo wanapocheka ndani ya gari na yeye yuko kwake na magunia yake yaliyokaa kimya wima, wivu ulimpanda mpaka anakaza nati kupita kiasi.

Magoti ya Bonge yalizidi kuharibika. Mwishowe alishindwa kuchuchumaa kabisa, na fundi wa matairi asiyechuchumaa ni kama kinyozi asiyeona. Binti yake akatuma ujumbe kwamba aende akakae kwake. Pikapu ikaja tena. Mtaa mzima ulitoka kumuaga, kinyozi akilia waziwazi, na Kimya akaona hata kuondoka kwa mtu huyu ni kuzuri kuliko kubaki kwake yeye mwenyewe. Nani angemlilia Kimya akihama? Alibaki mlangoni kwake, spana mkononi.

Bonge alisaidiwa kupanda, pikapu ikazama kwa nyuma. Dereva alipogeuza, ikapita upande wa Kimya, ikasimama. Bonge aliinama juu ya ukingo, jasho likimtiririka, akamnyooshea kompresa ile ndogo. Kimya aliipokea kwa mikono miwili. Bonge, kwa mara ya kwanza, alionekana hana utani tayari. Alimtazama miguuni, akatabasamu.

"Siku ile ulipokuja kufunga kamba za ndala," alisema, "nilikuona kwenye kioo cha pembeni. Kiti cha nyuma kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, fundi. Niliona haya kukuita."